Miwani ya Mnyama Aliyelala

Jumapili, 14 Januari

Miwani mpya imekuja! Sanduku zima, kutoka kampuni kubwa inayoivalisha timu yetu. Kioo cha buluu kinachometameta kama mgongo wa samaki, mkanda mweupe wenye jina lao kwa herufi za kujigamba. Wenzangu wote wamefurahi. Dada Ramona ameivaa hadi mezani, akanywa nayo supu, Mama akamwambia avue, nyumba hii si uwanja wa theluji.

Mimi nimeteleza nayo kwa skii asubuhi nzima. Sijaona kitu! Jicho la kushoto nililisamehe tangu utotoni. La kulia lina kidirisha chake kidogo chenye ukungu, na hicho kidirisha ndicho mali yangu yote. Leo kioo cha buluu kimekijaza maziwa. Kizibao cha Ramona cha rangi ya chungwa, ambacho siku zote nakiona kama doa linalocheza mbele yangu, kilikuwa kinapotea, kinarudi, kinapotea. Nimebaki na sauti yake ya redio ndani ya helmeti. Hop, kushoto. Hop, kulia. Barafu hapa. Mkono chini. Na lile neno letu, kila tukipita milango kadhaa ya vijiti na bendera: Nakuona.

Nikisikia nakuona, magoti yanatulia. Tulikubaliana hivyo tangu alipoanza kuniongoza, alipoumia goti na mashindano yake mwenyewe yakaisha. Anageuza kichwa, ananitazama kama nipo nyuma yake, anasema. Asiposema, nasimama. Hiyo tu. Hatuna sheria nyingine.

Mashindano ya jimbo ni Jumamosi ya tarehe 27, hapa hapa kwetu Hinterfirn. Timu ya taifa ina nafasi moja tu ya mwanamke asiyeona vizuri, na atakayeshinda ndiye atakayeipata. Naitaka! Naitaka mpaka meno yanauma. Lazima nipate miwani nyingine.

Jumanne, 16 Januari

Mjini na Ramona, duka la vifaa vya theluji. Muuzaji akaniuliza nataka miwani ya rangi gani, iende na koti? Ramona akamrukia: "Huyu hata koti lenyewe halioni, wewe mpe miwani inayoona!" Tukacheka wote, hata muuzaji.

Nimejaribu zote zenye majina. Moja ilikuwa kama kuchungulia ndani ya chupa ya bia. Nyingine kama magharibi imeingia mapema. Nilikuwa natoka mlangoni kuangalia theluji ya barabarani, narudi, natoka, narudi. Watu wakawa wanatupisha.

Mwisho Ramona akachoka. Akanikumbatia bega. "Popo wangu, miwani haizai macho. Macho yako ndiyo hayo. Na mimi si nipo? Unataka kuona nini ambacho sikuambii?"

Kweli. Tangu tukiwa watoto yeye ndiye anayeniambia. Huyu anakuja amenuna, huyu amenyoa ndevu, mlima leo una kofia ya wingu. Popo ni jina alilonipa yeye, na akiniita mtu mwingine nachukia. Nikarudi nyumbani na chokoleti tu. Nampenda sana dada yangu, na naliandika hapa kwa kuwa mdomoni halitoki.

Alhamisi, 18 Januari

Nimepata! NIMEPATA! Nitaandika yote, hata kama herufi zangu kubwa zitamaliza ukurasa baada ya ukurasa.

Jana ndani ya kebo ya kupandia mlima nilikuwa nalalamika. Mama mmoja aliyekaa karibu akasema, nenda bonde la pili kwa Gidi Prantl, anatengeneza miwani yake mwenyewe. Inaitwa Murmel, kama yule mnyama mnene wa milimani anayefanana na panya buku. Sijawahi kuisikia. Ramona hajawahi. Kocha hajawahi. Hata majirani wa Gidi, nimeambiwa leo, walidhani anauza dawa ya mgongo, maana huku ukisema murmel kila mtu anafikiria yale mafuta yake ya kuchua viungo. Bibi kizee mmoja alimfuata na chupa tupu ajaziwe! Gidi mwenyewe ndiye aliyetusimulia mimi na Mama, huku akijipiga paja.

Zamani alikuwa fundi wa meno ya bandia. Karakana yake iko kwenye ghala la chini lililokuwa la jibini, na harufu haijaondoka. Anaongea huyo! Eti kampuni kubwa zinatengeneza miwani ya kupigiwa picha. Eti yeye angetaka angekuwa tajiri, basi tu hapendi kusafiri. Mama akanikanyaga mguu nisicheke.

Kisha akanitoa uani. Wingu zito, mwanga ule usio na kivuli, ule ambao kwangu dunia inakuwa shuka. Akatembea kwenye theluji laini, akaniambia, tafuta nilikopita. Akawa ananishikia kioo kimoja kimoja mbele ya uso, kioo kitupu bila fremu. Hiki? Hapana. Hiki? Hapana. Akaniwekea kimoja cha rangi ya chai ya rangi.

Niliona nyayo.

Sikuziona vizuri. Lakini niliona vijishimo, kimoja, na kingine mbele yake, vinakwenda hadi ukutani. Nimelia kama mtoto. Mama naye amelia, akasingizia jibini.

Mkanda ni wa kijivu, umeshonwa picha ya murmel mnene amelala, mshono umeenda upande. Nikamwuliza Gidi mbona amelala, si tangazo baya hilo? Akaniuliza, wewe binti ni wa wapi hujui kwamba baridi yote hulala?

Ijumaa, 19 Januari

Timu imenicheka mpaka basi. "Shii! Usimwamshe aliyelala!" Mwingine akanusa mkanda akauliza hii unavaa au unajichua? Nimecheka nao.

Kocha Wendelin amekuna kichwa. Kampuni haitapenda. Lakini sheria hainilazimishi, kwa hiyo siku ya mashindano tutamfunika mnyama kwa utepe mweusi na yeye atajifanya hajui.

Ramona hakucheka. Akasema kitu kisicho na jina ni kitu kisicho na mwenyewe, kikivunjika utamlilia nani? Chukua waliyochukua wenzako. Halafu, tukiwa tunapaka skii nta, akauliza: "Sasa na hiyo, unaona mpaka wapi?"

Sijui, nikamjibu, bado sijateleza nayo.

Baadaye akauliza tena. Mpaka wapi, Popo? Mpaka kwangu?

Moyo ulinijaa. Nikaona ananifurahia.

Jumapili, 21 Januari

Sijui nianze wapi.

Miwani ni nzuri. Nzuri kupita maneno! Jua lilikuwa kali na halikunichoma. Nimeona mapande ya theluji iliyofinyangwa na mashine, nimeona mwanzo wa kivuli cha msonobari. Kizibao cha Ramona hakikuwa doa tena. Kilikuwa na mabega. Juu yake helmeti nyeusi, na katikati ya helmeti mstari mweupe.

Nilifurahia ule mstari. Mkanda wa miwani yake! Naona mkanda wa miwani ya dada yangu! Nikaufuata kama mtoto anayefuata kishada. Hop, kushoto, mstari mweupe. Hop, kulia, mstari mweupe. Nakuona! — mstari mweupe.

Mara ya kwanza sikufikiri kitu.

Mara ya tatu nimefikiri.

Mkanda uko kisogoni. Mtu akigeuka kukutazama, mkanda unaondoka, unakuja uso, kinakuja kile kioo cha buluu kinachometameta. Nilingoja buluu. Kutoka juu hadi chini nimeingoja. "Nakuona, safi kabisa, nakuona!" Mkanda tu. Mwanzo mpaka mwisho, mkanda.

Jumatatu, 22 Januari

Labda anageuka haraka sana kwa jicho langu. Labda ana kioo kidogo mkononi, kama cha baiskeli. Labda mimi ndiye sioni, hilo si jambo geni!

Nimemwuliza wakati wa chai kama shingo inamuuma. Akasema hapana, kwa nini?

Jumanne, 23 Januari

Nimefanya jambo. Sijamwambia mtu.

Mazoezi ya asubuhi, mteremko mrefu. Tukaanza kama kawaida. Milango michache nikamfuata vizuri. Kisha nikazuia skii, nikasogea pembeni karibu na wavu, nikasimama. Kimya. Nikaziba kinasa sauti cha helmeti kwa glavu asisikie ninavyohema.

Kizibao kikaenda zake. Kikawa doa. Doa likaisha.

Sauti ikabaki.

"Hop. Hop. Hapa kuna barafu, legeza. Vizuri! Hop. Mkono chini, mkono... ndiyo, hivyo hivyo. Nakuona."

Nimesimama kwenye wavu, nimeegemea magongo, dada yangu ananisifia mkono.

"Nakuona, Popo. Hop. Safi sana. Nakuona."

Mpaka chini! Amenisifu mpaka chini. Amesema bravo. Ndipo akanyamaza, na katika ule unyamavu nikasikia skii zake zikikwaruza anageuka — sasa anageuka! — halafu, kwa sauti ndogo, kwa jina langu la kweli: "Liesi? Uko wapi?"

Nikamwambia kufuli la buti limefunguka, nimesimama kidogo.

"Aa, nilikuona," akasema. "Nilikuona umesimama."

Nimekaa karibu na jiko. Nimepigwa changa la macho na mtu aliyekuwa macho yangu. Nimeshuka milima mingapi nyuma ya neno lile? Kwa kasi ambayo watu wenye macho mazima hawaithubutu, nikajitupa, kwa sababu neno limesemwa. Na neno halikuwa na kitu ndani. Alikuwa analisema kama mtu anayepiga mluzi.

Mama ametengeneza madonge ya jibini, chakula changu ninachokipenda. Nimekula moja. Ramona amekula yangu.

Jumatano, 24 Januari

Sikwenda mazoezini. Nimesema tumbo. Ramona ameniletea chai ya mitishamba na kukaa kitandani kwangu, akinisimulia sura za watu leo mlimani. Nilimsikiliza nikajiuliza, na huyo aliyenuna, alinuna kweli?

Alhamisi, 25 Januari

Nimemwambia. Kwenye chumba cha nta, tukiwa wawili.

Nikasema Jumanne nilisimama juu kabisa. Ukanisifia mkono mpaka chini.

Pasi ya nta ilikuwa inachuruzika. Aliiacha ichuruzike. Nilidhani atakana. Ningeshukuru angekana!

"Ni hiyo miwani," akasema.

"Siyo miwani, dada."

"Kabla yake tulikuwa sawa. Tulikuwa tunashinda!" Halafu yakatoka yote, kama maji. Kwamba akigeuka anapoteza mstari. Kwamba kila akigeuza kichwa sekunde zinaondoka, na sekunde ndizo mashindano. Kwamba viongozi wa wengine wanageuka kila saa kama kuku, ndiyo maana wanashindwa. Kwamba hana haja ya kunitazama, skii zangu anazisikia.

"Basi ungesema nakusikia."

Akachomoa pasi ukutani.

"Ungesema nakusikia, Ramona! Ningejua nina nini mkononi."

Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Wewe hujui ilivyo kuwa mbele, mlango unakujia, goti halikuumi, na saa inahesabu. Mimi nilipewa hiki tu, Liesi. Wewe kuwa nyuma yangu ndiyo njia yangu ya kurudi pale."

Nyuma yangu! Kumbe katika hesabu zake yeye ndiye anayeshindana. Mimi ni tiketi. Mimi ni yule wa nyuma ambaye bila yeye hawamfungulii lango la kuanzia.

Nilitaka kumpiga na gongo. Nikatoka nje bila koti, nikasimama kwenye theluji mpaka masikio yakafa ganzi.

Ijumaa, 26 Januari

Kumbe bado. Nilidhani jana nimefika chini kabisa.

Nikamwendea Kocha Wendelin nimwombe kiongozi mwingine. Siku moja kabla — hakuna, nilijua hakuna, nilitaka tu mtu aseme nina haki. Nikamweleza. Hakushangaa kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza.

"Liesi," akasema, "Ramona hageuki. Yuko hivyo. Lakini mlikuwa mnashinda."

Alijua.

Timu je? Akatazama buti zake, nadhani, maana sauti iliteremka. Timu pia. Wote! Wote wanaosimama pembeni ya mteremko na macho yao mazima. Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo wanavyosema. Na asiyenayo, kumbe, haambiwi kabisa.

Nikamwuliza habari ya mwaka jana, nilipovunjika mfupa wa bega. Ramona aliniambia aliniona naanguka, akasimama pale pale, akapanda juu kwa miguu kunifuata. Miezi yote ya kufungwa bandeji nilijifariji na hilo. Nililala wavuni nikisikia "nakuona" kwenye helmeti, nikadhani ananiambia nisiogope, anakuja.

Wendelin hakutaka kusema. Nikamshika mkono wa koti mpaka akasema. Ramona alivuka mstari wa mwisho. Akainua magongo juu. Akageuka kuangalia ubao wa muda, na ndipo alipoona hakuna mtu nyuma yake.

Na Mama alikuwa pale chini, mstarini, na bendera yake na chupa ya chai.

Nimerudi nyumbani nimemkuta anakata mkate. Sikuvua hata buti. Mama, ulimwona akiinua magongo?

Kisu kikasimama.

"Mwanangu, ungeacha kuteleza," akasema. "Ulikuwa unalia usiku kwa maumivu. Kitu pekee kilichokuwa kinakunyanyua ni kwamba dada yako alikuja mbio. Ningekunyang'anya na hicho?"

Nikamwambia si chako, Mama. Hakikuwa chako kunipa.

Akasema Ramona naye ni mwanawe. Akasema yeye ana watoto wawili waliovunjika, mmoja jicho mmoja goti, na mlima mmoja tu wa kuwaponya. Akataka kunishika. Nikasogea nyuma, nikagonga kiti, sikukiona. Nimekichukia kile kiti kuliko kitu chochote duniani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kwangu si nguoni tu. Wangu walikuwa ndani ya kope.

Jambo moja nalijua: sijaacha kuitaka nafasi ile. Naitaka vile vile. Ningefurahi kama ningeacha.

Jumamosi, 27 Januari

Kibanda cha kuanzia, juu. Ukungu. Wamesimamisha mashindano mpaka ufunguke, kwa hiyo naandika, daftari juu ya goti, kalamu nene inagandaganda.

Nimekuja. Mpaka nafunga buti asubuhi sikujua kama nitakuja. Ramona alibeba skii zangu kama kawaida na mimi nikamwacha abebe, na hatukusemezana ndani ya kebo. Watu wametusalimia kwa sauti za juu sana. Wanajua kwamba najua. Hakuna aliyemtania murmel leo.

Mpinzani wangu tayari ameshuka kabla ya ukungu, na ameshuka vizuri. Lazima nimshinde kwa mwendo wa kujitupa. Siwezi kwenda nusu nusu. Ama nijitupe nyuma ya sauti hii, ama nivue namba.

Naona kutoka hapa mlango wa kwanza. Mwekundu. Mwaka jana nisingeuona. Asante, Gidi, mzee wa maneno mengi.

—

Ramona ameingia. Amefukuza wengine kwa upole, ameketi karibu nami kwenye benchi. Ananuka nta na mkate wa nyama ya moshi. Nimeweka kalamu chini nimsikilize, sasa naandika alivyosema.

Ameomba radhi. Ya bega, na ya magongo. Amelia, na kilio chake nakijua, si cha uongo. Amesema leo atageuka. Kila akisema nakuona atakuwa ananiona, ameapa kwa kaburi la Baba. Sekunde zipotee, basi zipotee.

Nilikuwa karibu kumshika mkono. Mkono wangu ulishaanza kwenda.

Kisha akatoa kitu mfukoni na kukiweka kwenye benchi. Miwani ile ya buluu. Ameisafisha, kioo hakina hata alama ya kidole.

"Ila vaa hii, Popo. Leo tu. Ukiwa na ile nahisi unanichoma kisogo, goti linanitetemeka. Nifanyie hilo mdogo wangu. Niamini tu kama zamani."

Nimechukua kalamu. Kama atageuka, kwa nini hataki nimwone akigeuka?

Anauliza naandika nini. Nje wanapiga kelele kwamba ukungu umefunguka. Wanaita namba yetu, wanaita tena. Ya buluu iko kwenye benchi, ya murmel iko juu ya helmeti yangu, na Ramona amesimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake. Simwoni mkanda. Amenigeukia, uso mzima, ananitazama mkono wangu kuona utashika ipi.